Boksi la sabufa la Probox, na nyuma bado nabeba samaki: nianzie wapi?

Mwana_wa_Shangani

Wakuu, Mtwara kuchele. Leo nimeingia na hasira kidogo, mnisamehe nikirefusha.

Nina Probox, ndiyo gari langu la kazi. Alfajiri nachukua pweza na changu Mikindani, nawapanga kwenye masanduku mawili ya barafu, napeleka Masasi kwa wateja wangu wa hoteli na mama lishe. Kilomita karibu 200 kwenda, na nyingine hizohizo kurudi. Nikishapita Mtama peke yangu, usingizi unaanza kunibembeleza. Kwa hiyo muziki kwangu si urembo. Ndiye kondakta wangu.

Msimu uliopita mzee alipolipwa korosho zake alinikatia kidogo, nikanunua sabufa ya inchi 12 na amplifaya ya chaneli moja. Boksi nikampa fundi mmoja hapa mjini. Hakuuliza karatasi ya spika, hakuuliza nabeba nini. Alifungua mlango wa nyuma, akatanua mikono kama anayepima godoro, akasema, "Hapa linaingia kubwa." Likaja boksi la plaiwudi ya milimita 12, upana sentimita 90, kimo 45, kina 40, na bomba la chooni la inchi 4 limechomekwa pembeni.

Siku tatu za kwanza nilijiona mfalme. Ya nne masikio yakazinduka. Besi zote zinatoka noti moja, duuu, duuu, kama mtu anaburuta gunia la korosho sakafuni. Wimbo ukishuka chini sana koni inatoka nje kama ulimi wa mbwa aliyekimbizwa. Bomba linapiga mluzi. Halafu siku moja, kwenye matuta ya Ndanda, sanduku moja likamwaga maji ya barafu. Boksi likanywa. Ubao wa chini ulivimba, ukaanza kufunguka tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma. Hivi ninavyoandika liko uani kwa mama, kuku anatagia humo.

Sasa nataka kuanza upya na safari hii nipange kwanza. Shemeji yangu ni fundi makabati pale Chikongola, ana msumeno wa meza na vipande vya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) vya milimita 18 vilivyobaki kwenye kazi za watu. Karatasi ya spika ninayo, nilikuwa nimefungia miwani:

Fs 29. Qts 0.48. Qes 0.52. Vas lita 62. Wati 300 za kudumu. Koili mbili, kila moja omu 4. Tundu la kukata sentimita 28, kina cha kuingia 14.5.

Nafasi ninayoweza kuipa sabufa ni sentimita 30 za sakafu nyuma ya kiti, na kimo kisizidi 40. Zaidi ya hapo sanduku la pili la samaki linabaki Mikindani, na mke wangu ataniuliza kati ya sabufa na ada ya mtoto kipi kinapigwa mnada.

Naomba kujua: nizibe boksi au niweke bomba? Lita ngapi? Na maji ya samaki nifanyeje? Nawasilisha.

---

Abiria_wa_Nyuma

Mkuu mimi ushauri wa kitaalamu sina. Nawasemea tu sisi tunaopewa lifti kiti cha nyuma. Sabufa ikiwa mgongoni, mtu anafika Masasi figo zimebadilishana nafasi. Hilo nalo uliweke kwenye hesabu.

---

Fundi_wa_Mtanda

Mwana wa Shangani, pole, lakini umefanya jambo ambalo wateja wangu hapa Lindi wanane kati ya kumi hawafanyi: umeleta namba. Hizo huitwa namba za Thiele na Small. Kwa kifupi: Fs ni hezi, yaani mitikisiko kwa sekunde, ambapo koni hutikisika kirahisi zaidi; Qes ni breki ya umeme ya koni na Qts ni breki zote kwa pamoja, namba ikiwa ndogo breki ni kali; Vas ni lita za hewa zenye ulaini sawa na springi ya spika yenyewe. Thiele alichapisha kazi yake Australia mwaka 1961, Small akaiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yaani zina umri wa kuwa na wajukuu, na bado kuna fundi anapima kwa kutanua mikono.

Tuanze na marehemu. Ukitoa unene wa mbao, ndani alikuwa na 87.6 kwa 42.6 kwa 37.6. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita 140. Spika yako haijaomba hata nusu ya hizo. Hewa iliyofungiwa nyuma ya koni ndiyo springi yake. Ikiwa nyingi mno springi inakuwa kama godoro la gesti ya zamani, unazama tu. Ndiyo maana ulimi ulitoka nje. Noti moja uliyoisikia, sehemu yake ni ubao: plaiwudi ya 12 yenye upana wa karibu mita, bila mhimili ndani, inatikisika yenyewe na kuimba wimbo wake. Na mluzi ni upepo mwingi kulazimishwa kwenye bomba jembamba lenye mdomo mkali.

Kuziba au bomba? Chukua Fs, gawa kwa Qes. 29 gawa 0.52 ni kama 56. Watu wa kazi hii wana kanuni ya haraka: ikikaribia 50 au chini yake, ziba; ikifika 100 na kupanda, weka bomba. Wewe uko upande wa kuziba. Nafasi yako nayo inasema hivyohivyo.

Sasa lita. Boksi la kuziba lina namba yake, inaitwa Qtc. Ikiwa 0.7 hivi, besi inakwenda tambarare, safi. Ikipanda 0.8 inakuwa na kifua kidogo, na boksi linapungua sana. Nakufanyia ya 0.8 hapa hapa, chukua kalamu:

0.8 gawa 0.48 unapata 1.667. Izidishe yenyewe kwa yenyewe, 2.78. Toa 1, inabaki 1.78. Vas yako 62 igawe kwa hiyo 1.78. Lita 35.

Ukifanya ya 0.707 utapata lita 53. Tofauti ya lita 18, ambayo kwako ni pweza. Kwa gari dogo nisingehangaika. Madirisha yakifungwa, chumba chenyewe kinaongeza besi ya chini kabisa bila kudai hela, na boksi lililozibwa linaendana vizuri na nyongeza hiyo.

Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo wengi wanapoangukia. Lita 35 ni hewa *inayobaki* baada ya kila kitu kuingia. Sumaku na kikapu cha spika vinakula kama lita 2 na nusu, mhimili ndani unakula kama 1. Kwa hiyo tupu iwe 38.5. Vipimo vya ndani: upana 52.4, kimo 34.4, kina 21.4. Zidisha uone, inatoka 38.6. Kwa nje, ukiongeza 18 kila upande, ni 56 kwa 38 kwa 25. Umesema una 30. Imebaki tano ya mkono wako kupita.

Kama mgongo wa kiti umelala, fanya ubao wa nyuma ulale nao: kina cha ndani juu 17.4, chini 25.4. Wastani ni uleule 21.4, lita hazibadiliki. Chini kwa nje itakuwa 29 na ushee, bado uko ndani ya 30. Spika iangalie mlango wa nyuma, na ivae wavu wa chuma, si wa plastiki, kwa sababu sanduku la barafu halina adabu.

---

Bomba_ni_Bomba

Fundi wa Mtanda nakuheshimu kaka, lakini unamnyima kijana raha. Kuziba ni kwa watu wa kusikiliza taarabu taratibu. Lita 60, bomba la kipenyo cha ndani sentimita 10, urefu 29, linaimba hezi 33. Mtwara nzima ijue kwamba samaki wamepita.

---

Fundi_wa_Mtanda

Hesabu yako ya bomba sahihi, nimeipiga. Lakini lita 60 halisi, ukiongeza spika, mhimili na bomba lenyewe, ni zaidi ya 66 tupu. Ataziweka kwenye sentimita 30 za sakafu kwa kimo cha 40, sawa, lakini upana utafika kama sentimita 72, si 56. Halafu chini ya hezi 33 springi inaisha kabisa, koni inabaki peke yake, na jamaa ameshasema anachukia ulimi wa mbwa. Pia Qts ya 0.48 kwenye bomba inaleta kinundu. Ukitaka noti moja tena, basi.

---

Bomba_ni_Bomba

Sawa. Nimenyamaza. Lakini raha ni raha.

---

Mtoto_wa_Kalafati

Hodi humu. Mimi ni wa Mikindani, ya sabufa nayajua kidogo, ya maji nayajua tangu tumboni. Baba yangu alikuwa fundi mashua. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kupitisha kalafati, kukaza pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu hadi mkono ufe ganzi. Nikisoma habari ya boksi la kuziba nacheka, maana ni mashua iliyogeuzwa: sisi tunazuia maji yasiingie, nyie mnazuia upepo usitoke. Upepo ni mjanja kuliko maji.

MDF, kaka, ni sponji iliyovaa suti. Usoni ngumu, lakini kwenye ukingo uliokatwa inakunywa kama ngamia. Kwa hiyo ukingo ndio wa kushughulikia. Chukua gundi nyeupe ya mbao, ichanganye na maji nusu kwa nusu, paka kingo zote, acha ikauke, piga msasa, paka tena. Kisha ndipo rangi ya mafuta, mikono miwili, na *chini ya boksi pia*. Watu wanapaka panapoonekana. Maji hayaendi panapoonekana.

Ndani, kwenye kila pembe, changanya gundi na unga wa msumeno uwe kama ugali mlaini, upitishe kwa kidole ule mfereji wote. Hiyo ndiyo kalafati yenu. Skrubu zisiwekwe kabla ya kutoboa, MDF inapasuka ukingoni kama muhogo mkavu. Kama shemeji hana vibanio vya kutosha, kata tyubu ya baiskeli iwe mkanda mrefu, funga boksi zima uvute kwa nguvu. Inabana kote sawasawa kuliko vibanio vya dukani.

Boksi lisikae sakafuni. Kata ndala za zamani vipande vinne, gundisha miguuni. Sentimita mbili zinatosha, maji yapite chini yaende zake.

Kupima kama linavuja: washa kijiti cha udi, piga besi ya chini polepole, pitisha moshi kwenye kila kiungo. Moshi ukirukaruka mahali, hapo pana tundu. Msikiti wa nyumbani hautalalamika, harufu nzuri.

---

Dada_wa_Ligula

Mmemaliza mbao, hakuna aliyegusa moto. Mimi nafunga umeme wa magari, na gari lililoungua kwa ajili ya sabufa nimeliona kwa macho yangu.

Koili zako mbili za omu 4 ukizifunga sambamba zinakuwa omu 2. Ukizifunga mfululizo ni 8. Angalia amplifaya yako imeandikwa inavumilia 2 na inatoa wati ngapi hapo. Kama haivumilii, usibahatishe.

Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na amplifaya. Shibiri mbili, isizidi. Fyuzi hailindi amplifaya, inalinda waya unaopita chini ya zulia lako. Waya ukichubuka njiani na fyuzi iko nyuma kabisa, betri nzima inamwagika hapo penye mchubuko.

Na waya wenyewe: ukwangue sokoni kabla ya kulipa. Mwingi unaouzwa kama shaba ni alumini iliyovishwa ngozi nyembamba ya shaba. Ukikwangua ukaona weupe, ama uuache ama ununue mnene zaidi. Kwa shaba halisi na wati zako, milimita za mraba 16 kwenda juu. Nyaya za sauti zinazotoka redioni kwenda kwenye amplifaya zipite upande mmoja, waya wa umeme upande mwingine, la sivyo utasikia injini ikiimba ndani ya muziki.

Halafu boksi lifungwe kwa boliti kwenye sakafu. Kilo 20 na kitu zikiwa huru nyuma yako, siku ukikanyaga breki kwa ajili ya ng'ombe zitakuja mbele kuuliza kuna nini.

---

Mwana_wa_Shangani

Ninyi watu Mungu awape maisha marefu. Swali moja tu: pamba ya mto nijaze ndani? Nimesikia inafanya boksi dogo lijione kubwa. Na mama ana sufi, msufi uko nyuma ya nyumba.

---

Fundi_wa_Mtanda

Inasaidia kidogo, kama umepungukiwa lita mbili tatu. Tumia ile nyeupe ya polista, ijazwe kwa ulegevu, isiguse nyuma ya spika. Sufi muachie mama. Nyuzi zake nyepesi zitaingia kwenye koili.

---

Mwana_wa_Shangani

Nimerudi baada ya wiki tatu. Mrejesho.

Kwanza aibu. Nilimwandikia shemeji vipimo vya ndani na vya nje kwenye karatasi moja, yeye akachukua vya nje kwa upana na vya ndani kwa vingine. Upana wa ndani ukatoka 56 badala ya 52.4. Nilitaka kulia. Nikampigia Fundi wa Mtanda, tuliyekwisha kupeana namba, akacheka, akapiga hesabu kwenye simu: tupu 41.2, ukitoa spika na mhimili inabaki 37.7, Qtc inashuka kuwa 0.78. "Kosa lako limelipendeza boksi, funga." Nikafunga. Pamba sikuweka.

Tundu la spika shemeji alilichora kwa msumari na uzi. Alipiga msumari katikati ya ubao, akafunga uzi wa sentimita 14 na penseli mwishoni, akazungusha mara moja tu bila kuinua mkono. Duara lilitoka kama limetolewa kiwandani. Nikamwuliza amejifunza wapi, akasema babu yake alikuwa mchonga vinyago na hakuwahi kumiliki rula.

Tyubu ya baiskeli tulitumia mbili. Gundi ilichuruzika kwenye kila kiungo, tukaikusanya kwa kidole tukaichanganya na unga wa msumeno kama Mtoto wa Kalafati alivyosema. Udi tuliwasha usiku, umeme ulikuwa umekatika mtaani, tukaendesha kwa betri ya gari na tochi ya simu. Moshi ulipanda wima kwenye pembe zote, isipokuwa kwenye kisahani cha nyuma cha kuunganishia waya. Pale ulikuwa unapigwa kofi kila besi ikigonga. Tukafungua, tukapaka silikoni, tukarudisha. Ukapanda wima.

Fyuzi iko shibiri moja na nusu kutoka kwenye betri. Waya wa kwanza nilioletewa niliukwangua mbele ya muuzaji, ukawa mweupe kama jino. Hakubisha, aliurudisha rafu akaleta mwingine toka uvunguni. Dada wa Ligula, nilikukumbuka hapo.

Juzi nimekwenda nalo Masasi. Masanduku yote mawili yameingia, mkono unapita. Gari likiwa linatembea, volti 13.9, haziyumbi. Na muziki… wakuu, kumbe gitaa la besi lina vidole vinavyotembea. Nyimbo ambazo nimezisikiliza mwaka mzima nilikuwa sijawahi kuzisikia kwa chini. Si kelele kubwa kama ya lile la kwanza, Bomba ni Bomba atanicheka, lakini Mtama hadi Ndanda sikupiga mwayo.

Kwenye matuta maji yalimwagika tena, sanduku lilelile. Yakapita chini ya ndala yakatokea mlangoni.

Limebaki moja. Besi ikigonga, kibao cha namba ya gari mlangoni kinapiga makofi. Nje inasikika kuliko muziki.

---

Dada_wa_Ligula

Ile tyubu ya baiskeli imebaki? Kata vipande vinne, weka nyuma ya kibao kwenye skrubu, kaza.

---

Mwana_wa_Shangani

Imebaki. Naenda sasa hivi.

---

Abiria_wa_Nyuma

Na figo zetu?

---

Mwana_wa_Shangani

Kiti cha nyuma nimekikunja, kaka. Panda mbele.